Faida ya vita vya Kivu ndiyo inayovirefusha

Mhariri,

Mchangiaji wenu aliyeandika kwamba vita virefu huzaa maarifa hakusema uongo, ila hakuuliza maarifa hayo yamemgharimu nani. Nachukua mfano wa Kivu, mashariki ya Kongo, ambao sisi wa Kigoma tunauona kwa karibu: kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo, na waliozaliwa humo miaka ile sasa wana watoto wao, nao ni wakimbizi vilevile, wasioruhusiwa kutoka bila kibali.

Ni kweli kwamba Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ina ujuzi mkubwa wa kuwatibu wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji. Ni kweli pia kwamba katika mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020, dawa mbili zilithibitishwa kufaa kutokana na majaribio yaliyofanyika katika miji ya Beni, Butembo na kwingineko huko Kivu. Lakini Ebola haikuhitaji vita ndipo itafitiwe. Vita vilichangia vituo vya matibabu kushambuliwa na watoa chanjo kushindwa kuvifikia vijiji, na waliokufa walizidi 2,200. Mukwege naye, badala ya kujivunia wingi wa wagonjwa, amezunguka dunia akidai wahalifu wafikishwe mahakamani.

Faida kubwa ya vita hivi iko kwingine, na mchangiaji wenu hakuigusa. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, wenye machimbo ya koltani, madini yanayotumika kutengenezea simu na vifaa vingine vya elektroniki, mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakakadiria kwamba ushuru wa madini hayo unawaingizia takriban dola 800,000 kwa mwezi. Makundi mengine, na hata baadhi ya askari wa serikali, huwatoza raia kwenye vizuizi vya barabarani. Mwenye pato kama hilo ana haraka gani ya amani? Ikumbukwe kwamba jina M23 lenyewe limetokana na mkataba wa amani wa tarehe 23 Machi 2009, uliowaingiza waasi wa wakati huo jeshini, lakini vita vikarudi.

Kwa hiyo wasuluhishi waache kugawa vyeo, wajadili kwanza nani anakusanya ushuru Rubaya na nani ananunua koltani hiyo.

Msomaji wenu,
Kigoma