Seva yetu ya Lamu mmeigeuza meza ya birika

Kwa Meneja,

Salaam aleikum. Mkataba mnao, sitausoma upya: seva tatu za voisimeli, yaani mashine za kuhifadhi ujumbe wa sauti simu isipopokelewa, Malindi, Mokowe na Lamu mjini, kila ofisi yetu na yake. Mmefunga moja tu ya Malindi, sasa simu ya Lamu isipopokelewa lazima ipitie intaneti iende ikatafute seva huko Malindi, na intaneti ikikatika hakuna pa kuacha ujumbe, mpigaji asikia tuu tuu tuu basi. Hata siku intaneti iko sawa, mtu mmoja akisikiliza ujumbe anakula kama kilobiti 80 kwa sekunde kwenye laini ile ile ya simu, asubuhi wakiwa wanne watano sauti zakatakata huelewi neno.

Jumatatu nikapanda basi mpaka Malindi nije niulize kwa uzuri. Nikasimamishwa kaunta kama naomba sadaka, kuchungulia ndani naona katoni, gundi haijabanduliwa, imeandikwa LAMU kwa kalamu nene, na juu yake birika la chai. Seva yetu! Kijana wenu akanijibu mbele ya wateja, "Bi mkubwa, seva ya nini kisiwani, kwani nyinyi mwapokea simu ngapi?"

Na hii ni baada ya yale ya Alhamisi, ambayo niliwapigia siku ile ile mkasema fundi yuko njiani. Wageni wanane na watoto wao wamesimama jeti ya Mokowe tangu alfajiri, boti hawaioni, intaneti imelala, wakapiga ofisi ya Lamu mara tatu na mara tatu simu ikajikata. Seva ingekuwepo wangeacha ujumbe, taa ya simu ingewaka, mlinzi angeniamsha. Simu ngapi? Hizo tatu zatosha! Mimi nimesimama pale na umri wangu huu, jasho la safari halijakauka, mvulana ananiuliza mwapokea simu ngapi huku anainua birika juu ya mali yangu amimine chai, na wenzake wanacheka.

Nataka seva mbili zilizobaki zifungwe wiki hii. Tena bure, na pesa za ufungaji mlizokwisha kula mzirudishe. Na kijana yule aje Lamu mwenyewe aniombe radhi mbele ya wafanyakazi wangu. Ikifika Ijumaa adhuhuri sijaona mtu, hizo seva sizitaki tena, nataka pesa yangu yote, na nakala ya barua hii inakwenda Mamlaka ya Mawasiliano, nyingine kwa wakili. Katoni na birika lake nimevipiga picha, ninayo kwenye simu.

Mwenye nyumba za wageni,
Lamu