Baba Mdogo, zitoe zile eafoni kwenye droo

Baba Mdogo, shikamoo.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa kuwa kwenye simu siku hizi hatuelewani, na pia najua wako akina baba mdogo wengi wenye hali kama yako. Jumapili nilikupigia kukwambia tumefika salama. Ukaniuliza, "Mnazika? Mnazika nani?" Mama Mdogo akaichukua simu, na kwa mbali nikakusikia ukivuta kiti ukae. Jambo hilo halijanitoka moyoni.

Fika, pika, zika, shika. Irabu ni zilezile, kinachoyatenganisha maneno haya ni sauti moja fupi ya mwanzoni. Irabu ni nene na zina nguvu. F, s, sh na k ni nyembamba, hafifu, na ndizo zinazotangulia kupotea kwa mtu aliyeshinda karibu miaka thelathini pembeni ya grainda kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam, bila kuziba masikio. Kwa hiyo unaposema, "Nasikia, ila nyinyi hamtamki vizuri," nakuamini. Sauti inakufikia, lakini maneno yanafika yamemomonyoka kingo. Na wale vijana wa mtaani wanaodai umeanza kuringa kwa sababu huitikii shikamoo zao, hawajui kwamba hazikufikii. Hilo linaniuma kuliko yote, maana hakuna mtu aliyekuwa akiitikia marahaba kwa furaha kama wewe.

Sasa nina la kukuomba radhi. Zile AirPods Pro, eafoni zisizo na waya za kampuni ya Apple, ambazo binamu alikutumia kutoka Muscat, pamoja na ile iPhone yake ya zamani, hazikukushinda wewe. Mimi ndiye niliyezipanga vibaya. Sikuitazama karatasi yako ya hospitali, ile ya vipimo vya masikio. Nilipandisha sauti yote hadi mwisho, kisha nikakupeleka nazo harusini, siku ya kwanza kabisa! Ngoma, jenereta, viti vinavyoburutwa, vyote vikakuvamia kwa pamoja. Ulivumilia kama dakika kumi, ukazivua, ukazitia mfukoni bila kunilaumu. Tangu siku hiyo zimo kwenye droo.

Picha ya ile karatasi ninayo, na wiki hii nimeisoma vizuri. Viduara vyekundu ni sikio la kulia, alama za X za buluu ni la kushoto. Mstari ukiwa juu unasikia vizuri, na kadiri unavyoshuka ndivyo sauti inavyohitaji nguvu zaidi. Upande wa sauti nene, Hz 250 mpaka 1,000 (Hz hupima wembamba wa sauti, desibeli hupima nguvu yake), wewe uko kwenye desibeli 20, huna tatizo la maana. Halafu mstari unaporomoka: 45 kwenye Hz 3,000, 55 kwenye Hz 4,000, kisha unapanda tena kidogo kwenye 8,000. Bonde hilo la 4,000 wataalamu wanalijua sana, ndiyo alama ya kelele za kazini. Gerezani imejichora pale.

Ndiyo maana kupandisha sauti yote ni kosa. Nilikuwa nakuongezea hata mngurumo wa jenereta, ambao unausikia vizuri kuliko mimi. Kinachotakiwa ni kuiacha ile sehemu nene kama ilivyo na kuinyanyua ile nyembamba. Wala hainyanyuliwi kwa kiasi chote kilichopotea: kanuni ya zamani ya wataalamu wa usikivu ni kurudisha takriban nusu, ili sauti kubwa zisiumize. Palipopotea 55 tunaanzia 25 hivi. Simu inaweza kuipiga picha karatasi hiyohiyo, ikazisoma namba, kisha ikaelekeza kila sikio lipewe nini. Baada ya hapo unabaki urekebishaji mdogo wa mkono: sauti iwe nyororo au kali zaidi, ielekee kulia au kushoto, kelele za nyuma zipunguzwe kiasi gani.

Si uchawi wa mtaani huu. Septemba 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha programu inayogeuza AirPods Pro za kizazi cha pili kuwa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia mtu kusikia, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea wenye upungufu mdogo au wa wastani wa kusikia. Ilikuwa programu ya kwanza ya aina yake kuruhusiwa bila cheti cha daktari. Huduma hiyo haikufunguliwa kila nchi kwa wakati mmoja, na kule Bengaluru, India, vijana fulani walihangaika na karatasi za alumini na jiko la mikrowevu kuzuia mawimbi ya mawasiliano, ili vifaa viamini viko Marekani, kwa sababu tu walitaka bibi zao wasikie. Sisi hatuhitaji kufika huko. Njia ya kutumia karatasi ya vipimo ni ya zamani kuliko idhini hiyo.

Mjukuu wako alikuletea zile za bei rahisi akasema ni kitu kilekile. Alikuwa na nia njema, lakini sivyo. Kwa zile, maikrofoni ya simu ndiyo inayosikiliza, kisha sauti inarushwa kwa Bluetooth mpaka sikioni, na inachelewa. Unaona mdomo wa mtu umeshafunga ndipo neno linafika. Hizi zako zinasikia na kukuza zenyewe, humohumo sikioni.

Najua pia lile ambalo hukulisema. Mtu mzima kukaa barazani na eafoni huku anaongea na wenzake huonekana ni dharau. Nakuelewa. Lakini miwani unavaa, na hakuna anayedhani unaangalia sinema. Waambie mara moja tu, "Haya ndiyo masikio yangu." Wazee wenzio watakuuliza zinapatikana wapi, naapa.

Ila ahidi jambo moja. Sikio moja likizima ghafla, au ukipata kizunguzungu, usinisubiri mimi wala usiguse simu. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Mengine yanangoja, hilo halingoji.

Nakuja Jumamosi asubuhi. Tutakaa uani, mahali tulivu, si harusini. Nitaanzia sauti ya chini na utazivaa nusu saa tu, kesho yake saa nzima, maana ubongo uliozoea ukimya hushtushwa hata na sufuria kugusa jiko. Mwanzoni sauti yako mwenyewe itavuma kama unaongea ndani ya mtungi. Nitaleta vile vimpira vya saizi tatu, tujaribu, kwani kile cha kushoto nilichokuwekea kilikuwa kinalegea na kutoa mluzi. Mama Mdogo nimeshaongea naye: atasimama nyuma yako usimwone mdomo, aseme fika, pika, zika, shika kwa mpangilio anaotaka yeye, nawe utarudia. Pale utakapokosea, ndipo nitakaporekebisha.

Zichaji kuanzia Ijumaa usiku. Waya uko kwenye droo hiyohiyo, chini ya bahasha ya hospitali.