Risiti haiwezi kufuta haki ya mnunuzi

Mhariri,

Mwezi uliopita niliagiza friji kutoka duka moja hapa Mombasa. Ililetwa jioni, nikatia sahihi, nikaiwasha. Asubuhi samaki walikuwa wamelainika na maji yametapakaa sakafuni. Niliporudi dukani, muuzaji alinionyesha kwa kidole maneno yaliyo chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi."

Maneno hayo yamechapishwa kwenye risiti nyingi mno, na wengi wetu tukiyasoma tunanywea na kurudi nyumbani. Ilhali Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inasema sharti lolote la kumnyima mnunuzi dhamana ya ubora ni batili. Kutia sahihi ya kupokea mzigo si kukubali ubovu ambao hukuwa na nafasi ya kuukagua.

Nawasihi wenzangu: mjulisheni muuzaji mara moja, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Pigeni picha. Msiendelee kukitumia kifaa huku mkilalamika. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na si lazima uwe na wakili.

Nazo serikali za kaunti, zinazotoa leseni za biashara, ziwaamuru wenye maduka wayaondoe maneno hayo kwenye risiti zao.

Mnunuzi,
Likoni, Mombasa