Tuwatunze wanaotufikishia dawa za matende

Mhariri,

Marehemu baba yangu aliishi na matende ya mguu wa kushoto kwa miaka mingi hapa Mikindani. Kila jioni, mimi na dada yangu tulimwosha mguu kwa maji na sabuni, tukaukausha kwa kitambaa safi, kidole baada ya kidole, kisha tukauinua juu ya mito ili uvimbe upungue usiku. Kwa hiyo siwezi kunyamaza ninapoona jinsi tunavyowachukulia wahudumu wa afya ya jamii wanaotuletea mlangoni dawa za kuzuia ugonjwa huu.

Matende huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Jomvu, eneo letu, na Lamu Mashariki ndizo zilizotangulia nchini, mwaka 2018, kupewa dawa tatu kwa pamoja, yaani ivamektini, albendazoli na DEC (diethylcarbamazine). Dawa hizi husafisha vijiminyoo, yaani watoto wa minyoo hiyo, vinavyozunguka kwenye damu, lakini minyoo iliyokomaa inaweza kuishi mwilini miaka kadhaa na kuendelea kuzaa, na kwa sababu hiyo kumeza mara moja hakutoshi. Tena haitoshi wachache wameze: katika kila awamu ya ugawaji inatakiwa angalau asilimia 65 ya wakazi wote wawe wamemeza, ndipo mbu akose cha kubeba kutoka kwa huyu hadi kwa yule.

Asilimia hiyo hutafutwa kwa miguu. Katika awamu moja nilifuatana na mama jirani yetu ambaye ni mhudumu. Alibeba fimbo ya kupimia urefu, maana vidonge vya ivamektini huhesabiwa kulingana na kimo cha mtu, akabeba daftari, na pia chupa kubwa ya maji aliyoyachemsha kwake mwenyewe, kwa kuwa dawa humezwa mbele ya macho yake na si kila nyumba ina maji ya kunywa saa hiyo. Nyumba moja ya wapangaji tuliirudia mara tatu, kwa vile wanaume walikuwa kazini kwenye maghala na bandarini. Mara ya tatu ilikuwa baada ya isha, akiandika majina kwa mwanga wa simu. Kijana mmoja alimwambia kwamba hizo ni dawa za kufunga uzazi. Hakumkaripia. Aliketi naye barazani, akamweleza taratibu kwa nini mjamzito na mtoto wa chini ya miaka miwili hawapewi dawa hizo, akamwonyesha kwenye daftari jina la mumewe na majina ya wanawe, hadi kijana akanyoosha mkono akapokea vidonge.

Usiku huohuo, saa saba, aligongewa mlango. Mpangaji mmoja ameshikwa na homa na kichwa kinamuuma. Homa ya namna hiyo mara nyingi hutokana na vijiminyoo kufa mwilini, na kwa kawaida hupita baada ya siku chache, lakini mgonjwa anayetetemeka anahitaji kuonwa na mtu mwenye ujuzi, na jirani yangu hakuwa amepewa hata nambari moja ya simu ya kupiga usiku. Alilipia tuktuk kwa pesa zake, akampeleka mgonjwa zahanati. Asubuhi yake milango mitatu aliyoibishia hodi haikufunguliwa.

Mhariri, hapa ndipo ninapoona kosa letu kubwa. Tunapozungumzia kuwapa moyo wahudumu tunafikiria fulana, kofia na cheti. Malipo ni haki yao na sitaki kuyapunguzia uzito: mwaka 2023 iliafikiwa kwamba mhudumu alipwe posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, kiasi ambacho hakifiki shilingi 170 kwa siku, naye ana kaya zipatazo 100 za kuzitembelea. Posho hiyo ikichelewa, anayekopesha kampeni nauli ni yeye. Lakini kinachomvunja moyo zaidi ni kuachwa peke yake mbele ya majirani waliomwamini. Daktari wa kampeni humaliza kazi akarudi mjini. Mhudumu hukutana na watu walewale kesho kisimani, msikitini na dukani.

Vilevile, hakuna anayerudi kumwambia kazi yake imezaa nini. Damu za watu wa mtaa wake hupimwa, matokeo huandikwa kwenye ripoti, naye huishia kuyasikia redioni kama mtu baki. Togo ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa imetokomeza matende yakiwa tatizo la afya ya umma, Malawi ikafuata mwaka 2020, na sisi wa Pwani ambao tulianza kugawiwa dawa tangu 2002, kule Kilifi, bado tunahesabu awamu.

Naomba wanaohusika, kabla ya vidonge vya awamu nyingine kufika Jomvu, wawape wahudumu nauli yao mkononi, wawape nambari ya muuguzi atakayepokea simu usiku kucha kwa wiki nzima ya ugawaji, na wawaite barazani wawasomee matokeo ya mtaa wao kabla ya kuyapeleka kwingine.

Mkazi wa Mikindani,
Mombasa