Mlimani au Dodoma? Nisaidieni kabla ya kuthibitisha

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niwafikie wasomaji wenzangu, hasa mliosoma vyuo vikuu vya serikali au mnaosomesha watoto huko. Swali ni hili: mdogo wangu akasome kompyuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, au Chuo Kikuu cha Dodoma? Hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake, na kila jibu linapingana na la mwenzake.

Mimi ni fundi cherehani, Songea. Baba alifariki mdogo wangu akiwa kidato cha pili, na tangu hapo ada yake imetoka kwenye sare za shule ninazoshona. Mwaka huu amemaliza kidato cha sita, PCM: Hisabati C, Fizikia C, Kemia D. Divisheni ya pili, pointi 10. Anataka kusoma kompyuta, na hilo sina ubishi nalo, maana tangu shule ya msingi alikuwa akifungua redio za watu na kuzirudisha zinaongea. Kwa sasa yuko Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Mafinga, kwenye mafunzo ya lazima ya wahitimu wa kidato cha sita, simu anaipata kwa nadra, kwa hiyo anayehangaika na maombi ni mimi na kijana wa stesheneri. (Nimemkazia kijana huyo aandike namba yangu ya simu kwenye fomu, asiweke yake. Nimeshasikia ya watu waliokosa ujumbe wa chuo kwa sababu hiyo.)

Ubishi uko kwenye chuo. Mjomba alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya themanini na kwake hakuna kingine. Ukimgusa tu anaanza: Nyerere mwenyewe alikuwa mkuu wa chuo, Walter Rodney, yule mwanahistoria, alifundisha pale, Museveni alisoma pale. Juzi alitoa kwenye pochi noti ya zamani ya mia tano, ile iliyoondoka sarafu ilipokuja, akaigeuza kunionyesha Ukumbi wa Nkrumah ulivyochorwa nyuma. "Chuo gani kingine kimewekwa kwenye hela?" Nilicheka, lakini sikushawishika. Museveni hakuwa akisubiri kodi ya chumba itoke kwenye cherehani yangu.

Heshima ya Mlimani siibishii. Ninachobisha ni kwamba mjomba anazungumzia chuo cha ujana wake. Nilipokaa na kijana wa stesheneri tukasoma taarifa za kozi, nikaona kumbe masomo ya kompyuta ya chuo hicho yanafundishwa Kijitonyama, si pale kilimani anapopasifia. Mjomba hakuwa na habari. Swali langu la kwanza likawa: mtoto atalala wapi? Zipo hosteli za chuo, zikiwemo zile za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zenye nafasi 3,840, lakini wanafunzi ni wengi kuliko vitanda na sijui kama tutabahatika. Akikosa, ni kupanga. Nilimpigia dalali mmoja wa Sinza, jirani na Kijitonyama, akaniambia chumba kimoja laki moja kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye mwezi wake mmoja. Hiyo ni laki saba kabla mtoto hajanunua godoro.

Mtasema kuna mkopo wa serikali, ule wa Bodi ya Mikopo. Tumeomba, vyeti vya kuzaliwa na cha kifo cha baba vimeshahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Lakini bumu, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022, na kiwango ni hichohicho uwe Dar uwe Dodoma, wakati vyumba havina bei moja. Halafu si kila mtu anapata asilimia mia. Kwangu mimi tatizo ni kubwa zaidi kwa sababu ya msimu: fedha ya sare inaingia Desemba na Januari, chuo kinafungua mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Wakati anapohitaji kodi ndipo mimi sina kitu.

Binti wa jirani yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa pili, na yeye ndiye anayenivuta upande wa pili. Chuo kile kilianzishwa 2007, tangu mwanzo kikapangiwa wanafunzi 40,000, na hosteli zikajengwa jirani na madarasa. Yeye amekaa hosteli tangu siku ya kwanza. Anasema mji uko mbali kidogo, ukihitaji kitu sokoni unapanda daladala, lakini darasani anakwenda kwa miguu. Na kwetu Songea, Dodoma kunafikika: basi hadi Iringa, kisha barabara ya Mtera.

Mdogo wangu mwenyewe, siku alipopata simu, alisema kitu kilichonifunga mdomo. Alisema, "Dada, chumba kitapatikana. Wewe niulizie field." Anamaanisha mafunzo kwa vitendo. Kwake Dar ndiko kwenye makao makuu ya benki na kampuni za simu, na mtu akifanya field huko anaweza kuonekana. Nikamwambia Mamlaka ya Serikali Mtandao iko Dodoma, wizara nazo zimehamia huko. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, lakini serikalini ajira ni foleni." Muda ukaisha, simu ikachukuliwa na mwenzake.

Kuna na mwalimu wake wa Hisabati anayesema tusisahau SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kampasi ya Mazimbu Morogoro, kuna shahada ya infomatiki. Hiyo sijaipima vizuri.

Najua wengine mtaniambia tuombe vyote. Tunaomba vyote; tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja kwenye kila chuo. Shida iko mbele. Akichaguliwa zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja tu ndani ya siku chache, na majina ya mkopo kwa kawaida yanatoka baada ya hapo. Yaani tutachagua kabla ya kujua Bodi imempa kiasi gani. Tukithibitisha Dar na mkopo ukaja nusu, sina pa kukimbilia isipokuwa kuuza cherehani ya pili.

Na hata kozi zenyewe zinanichanganya. Sayansi ya Kompyuta ni miaka mitatu, zile za uhandisi ni minne. Mwaka mmoja wa ziada kwangu ni mwaka mwingine wa kodi na nauli, lakini kama una faida kwenye ajira niambieni, nitajikaza.

Kwa hiyo nawaomba mliopita huko. Mliosoma kompyuta Kijitonyama mkakosa hosteli, mliishije mwaka wa kwanza, na mlilipa kodi kwa utaratibu gani? Mliosoma Dodoma, field mlifanyia wapi, na mliomaliza sasa mko wapi? Na mnaoajiri vijana wa kompyuta, mkishika vyeti viwili, cha Mlimani na cha Dodoma, vyenye alama zinazolingana, mnatazama jina la chuo au mnampa kijana kazi mkaona anaifanyaje? Mjomba anasema jina. Mdogo wangu anasema kazi. Mimi ndiye nitakayebonyeza kitufe cha kuthibitisha, kwa sababu simu iko kwangu.

Dada mtu,
Songea