Ile 70 kwenye majibu ya Salma

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi, na shemeji msalimie. Naenda moja kwa moja kwenye kinachokunyima usingizi: ile 70 iliyoandikwa kwenye majibu ya eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti.

Vali ya mapafu ina vipande vitatu vyembamba vinavyofunguka kila moyo unaposukuma damu kwenda mapafuni. Vya Salma kingo zake zimegandana tangu tumboni, kwa hiyo vinabinuka kama kuba lenye tundu dogo katikati. Damu ikibanwa hapo huongeza mbio, kama maji ya mpira ukiuziba mdomo kwa kidole. Eko hupima mbio hizo. Zizidishe kwa zenyewe, kisha mara 4, utapata tofauti ya presha kabla na baada ya vali, kwa milimita za zebaki: mita 3 kwa sekunde ni 36, mita 4 ni 64. Chini ya 36 mtoto huangaliwa tu. Ikipita 64, kama ile 70 ya Salma, vali hufunguliwa hata kama anakimbizana na wenzake, maana misuli ya moyo upande wa kulia inazidi kunenepa kimyakimya. Ndiyo sababu daktari hataki kungoja.

Wala si lazima kupasua kifua. Tangu 1982 linatumika puto. Mtoto hulazwa usingizi, katheta, yaani mrija mwembamba, ikapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, puto likiwa limenywea. Upana wake huzidi kidogo wa vali, karibu mara 1.2: vali ya milimita 12, puto la 14 au 15. Likijazwa, kwenye eksirei linaonekana limebanwa kiuno. Kiuno kikipotea ghafla, palipogandana pameachia. Ni sekunde chache tu, kwa kuwa muda huo damu haipiti. Puto kubwa mno huchana pasipotakiwa.

Waulize kama vipande ni vyembamba au vinene. Vinene, vya watoto wenye sindromu ya Noonan (hali ya kijeni ya kuzaliwa nayo) hasa, mara nyingi havichaniki vizuri, na wengine huishia kwenye upasuaji.

Presha isiposhuka yote siku hiyohiyo usishtuke. Misuli iliyonenepa chini ya vali huendelea kubana, hulegea kwa wiki na miezi. Vali kuvuja kidogo baadaye ni kawaida, kwa hiyo eko zitaendelea hadi ukubwani.

Nitumie picha ya ukurasa wenye kipenyo cha vali.

Wako,
Mwajuma