Shoga, nipigie picha ya Liemba

Zuhura wangu,

Za hapo Mwanga, za mama, watoto hawajambo? Mimi mzima alhamdulillah. Najua umenuna, tangu Ramadhani sijakuandikia kitu cha maana, nisamehe mwenzangu, nikitoka kazini hata nguvu ya kuchemsha chai sina. Leo nina shida na wewe ndo maana naandika kirefu.

Nataka picha ya Liemba, ile meli yetu ya ziwani. Usicheke, soma kwanza.

Huu mji niliopo huku Ujerumani, Papenburg, ni mdogo, mifereji imekatiza katikati ya barabara. Mafunzo ya uuguzi nafanyia kwenye nyumba ya wazee, miaka mitatu, na hapa ndo kwanza mwezi wa nane. Kijerumani nilichosomea Dar kimenisaidia nusu tu maana wazee wa huku wanaongea kilugha chao, Plattdeutsch, ni kama mtu ajifunze Kiswahili halafu umpeleke Kasulu ndani ndani akakae na mabibi. Salamu asubuhi mpaka usiku ni "Moin", basi, mtu kashapita, hakuna mwakeye wala za nyumbani. Na saa zao! Halb sieben, yaani nusu saba, mie nikajua saba na nusu ya kizungu, nikafika saa moja na nusu yetu, kumbe kwao ni nusu saa kabla ya saba, zamu ilianza kumi na mbili na nusu yetu. Mkuu wa zamu alinisema mbele ya watu, nikaenda kulia chooni.

Sasa kuna mzee chumba cha mwisho, haongei na mtu. Siku moja namnyoa ndevu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tansania, naishiaga hapo maana ukitaja Kigoma wanakuangalia tu. Akauliza, Tansania wapi? Nikasema Kigoma. Zuhura, alinishika mkono huohuo wenye wembe, povu bado liko shavuni, akasema "Goetzen". Nikadhani anataka maji. Kumbe ndo jina la kwanza la Liemba! Imeundwa hapahapa mwaka 1913, kiwanda cha meli cha Meyer, na yeye amechomelea vyuma kiwanda hichohicho mpaka anastaafu. Akanihadithia polepole ili nielewe, wakaifungua vipandevipande, ikasafiri kwenye masanduku kwa meli mpaka Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma, mafundi watatu wa hapa wakaja kuiunga. Na Wajerumani walipoizamisha wenyewe 1916, mafundi waliipaka injini grisi kwanza, ndo maana ilipoibuliwa 1924 ilikuwa bado inafaa. Sisi tumeipanda mara ngapi? Ile safari ya Kasanga na marehemu bibi, tumelala juu ya magunia, maboti yanakuja kushusha abiria usiku katikati ya ziwa, wala sikuwahi kujiuliza imetoka wapi.

Tangu siku ile akiniona ananiita "Kigoma". Wengine kwao mimi natoka Afrika, imeisha hiyo. Huyu kwake nina kwetu. Sijui kama unanielewa, nikitoka chumbani kwake hata zile ngazi napanda mbiombio.

Ila ameanza kusahau. Wiki iliyopita kaniuliza mara tatu kama meli bado ipo. Picha za mtandaoni nimemwonyesha, anasema hizo anazijua, anataka ya sasa. Kwa hiyo nenda bandarini, wakikuzuia getini muone Baba Rama, hawezi kukosa mtu pale. Ipige ubavuni, ziwa lionekane, na kavideo mawimbi yasikike. Tafadhali usiseme kesho kesho, mzee huyu sio wa kumsubirisha.

Mawese uliyonifungia yameganda chupani kama sabuni, nayaloweka kwenye maji ya moto ndo yanatoka, nakula na viazi vyao. Mungu akulipe.

Haya niambie, ukarabati wa Liemba umefika wapi? Wameirudisha majini? Kisa kajifungua? Na lile deni la kule Kibirizi mlimalizana vipi? Migebuka sasa hivi bei gani? Mama bado anakohoa, au mnanificha? Mwambie nitampigia Jumapili, maduka yote huku yanafungwa kwa hiyo nipo ndani.

Picha hata usiku wa manane we tuma. Jumatatu naingia asubuhi, naanza na chumba chake.

Wako,
Mwajuma